Tetekuwanga: mtoto arudi shule lini?

Abaki nyumbani hadi kila lengelenge likauke na kufanya kigaga, kwa kawaida siku 5 hadi 7 tangu vipele vianze. Mkague kwenye mwanga mzuri, hasa kati ya nywele na nyuma ya masikio. Likibaki hata moja lenye majimaji, asubiri. Vigaga vikavu haviambukizi, kwa hiyo si haki kumzuia kwa sababu ya vigaga hivyo.

Mkate kucha ziwe fupi, maana akijikuna vidonda hutunga usaha. Homa ipewe parasetamo kulingana na uzito wake, kamwe si aspirini wala ibuprofeni.

Mwarifu mwalimu siku ileile: maambukizi huanza siku 1 hadi 2 kabla ya vipele, na wenzake wanaweza kuugua siku 10 hadi 21 baadaye. Mjamzito aliyekaa naye na hajawahi kuugua awahi kliniki.