Somo: Kuchagua kitambaa cha draisuti kwa mabwawa ya Dodoma

Wadau, miongozo mingi ya draisuti (suti ya kuzamia isiyoingiza maji) imeandikiwa watu wanaozamia maji ya barafu, kwa hiyo inaanza na baridi. Huku Kanda ya Kati baridi ni ya tatu. Ya kwanza ni uchafu wa maji, ya pili ni miiba. Ukianza na baridi utanunua suti isiyokufaa.

Hatua ya 1: Jua maji unayoingia

Hombolo hupokea mto Kinyasungwe Ndogo, na mvua ikinyesha mto huo unakuja na kila kilichosombwa kutoka upande wa mji. Mtera, kwenye Ruaha Mkuu, ni bwawa kubwa zaidi. Popote palipo na maji yaliyotulia, majani na konokono, hesabu kwamba kichocho kipo. Vijidudu vyake hutoboa ngozi nzima, isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Ndiyo maana wetisuti haitoshi: yenyewe imeundwa kuingiza maji.

(Mamba na viboko wa Mtera ni somo jingine. Hakuna kitambaa cha kuwazuia.)

Kama kazi yako ni ndani ya tenki la maji safi ya kunywa, usiruke hatua ya 3: huko ni wewe unayeweza kuchafua maji.

Hatua ya 2: Kitambaa

*Neopreni.* Ni mpira wenye vipovu vya gesi, mara nyingi unene wa milimita 7, uliofunikwa nailoni. Vipovu ndivyo vinavyotunza joto, na ndivyo vinavyoleta taabu. Kwenye usawa wa bahari, ukifika mita 10 gesi inabaki nusu ya ujazo wake. Mtera iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo nusu hiyo inafika mapema kidogo, kama mita 9.5. Suti inakonda, inapoteza uelea na joto kwa pamoja, na juu ya maji ulikwisha kujifunga uzito mwingi wa madini ya risasi ili uweze kuzama. Ipo neopreni iliyobanwa kiwandani ambayo haikondi hivyo, lakini nailoni ya nje inabaki palepale: inanyonya tope, inakauka polepole, na kuitakasa ni kazi. Isitoshe, ukiivaa Oktoba saa saba mchana ukingoni unajipika. Kwa Dodoma, iache.

*Trilamineti.* Tabaka tatu: nailoni au poliesta nje, mpira wa butili katikati, kitambaa tena ndani. Ni nyepesi, inakunjika ndani ya begi, inakauka upesi. Haina joto lake yenyewe, na kwetu hiyo ni sifa, maana unaamua mwenyewe uvae nini ndani. Haivutiki, kwa hiyo hukatwa pana, na suti pana ina mikunjo inayokwamia kwenye matawi. Udhaifu wake mkubwa huku ni mwiba wa mgunga. Ukikaa chini ukingoni, mwiba unaacha tundu ambalo jicho halilioni, utaligundua paja likianza kulowa. Tandika turubai zito kabla ya kuvaa, kila mara.

*Mpira uliovalkanaiziwa.* Mpira laini juu ya kitambaa kilichofumwa, kama gambuti la mwili mzima. Ni mzito, una joto, bei yake imesimama. Lakini nje hakuna nyuzi za kushika uchafu: unamwagia maji, unasugua, umemaliza. Ukitoboka, kiraka kinabandikwa karibu sawa na cha tyubu ya baiskeli: safisha, kwaruza kwa msasa, paka gundi pande zote mbili, subiri ikauke kidogo, bandika, gandamiza. Kwa Hombolo na maji yoyote ya aina ile, chagua huu bila kusitasita.

Kitambaa chochote utakachochagua, igeuze suti nje ndani uangalie mishono. Utepe uliobanduka kwenye msamba (katikati ya mapaja) au kwapani ndipo maji yatakapopitia.

Hatua ya 3: Sili, kofia na glovu

Sili ni mikanda ya mpira ya shingoni na mikononi inayozuia maji. Za neopreni hupitisha matone. Kwenye maji masafi unayavumilia, kwenye kichocho hapana. Zinabaki lateksi na silikoni. Lateksi inaziba vizuri na ni rahisi, lakini jua, mafuta na ozoni huila. Ikianza kunata au kuonyesha nyufa ndogo, badilisha. Silikoni haishikwi na gundi za kawaida, hivyo hukaa kwenye pete maalumu, na ikichanika unaweka nyingine palepale ukingoni.

Sili ya shingo ikibana sana hugandamiza mishipa ya damu na mtu anaweza kuzimia. Ivute juu ya mtungi, kata pete nyembamba ya milimita 3 hadi 5, jaribu, kata tena. Ukizidisha hairudi. Tumia mkasi mkali, mkato usiwe na meno, maana kila jino ni mwanzo wa mpasuko.

Ongeza kofia kavu inayokutana na suti, glovu kavu zinazofungwa kwenye suti kwa pete, na barakoa inayofunika uso wote. Bila hiyo barakoa, umelinda kila kitu isipokuwa mdomo.

Hatua ya 4: Zipu

Zipu ya shaba hupakwa nta kwenye meno, ya plastiki hupakwa grisi ya silikoni pale inapofungia mwisho. Vumbi la Dodoma ndilo adui: piga brashi kabla ya kupaka, la sivyo umetengeneza msasa.

Hatua ya 5: Jaribio la chupa

Ziba mikono kwa chupa za soda, shingo kwa mpira wa miguu, funga zipu, jaza hewa polepole mpaka suti isimame, siyo ikakamae. Paka maji ya sabuni. Panapotoa povu, weka alama.

Maswali ya wanachama

Swali (Chamwino): Nimetumia mkanda uleule wa uzito niliokuwa nao Dar, nashuka kama jiwe. Suti ina kasoro?
Jibu: Hapana, ni maji baridi yasiyo na chumvi. Punguza takriban asilimia 2.5 ya uzito wote, wewe na vifaa. Mkiwa kilo 100, toa kilo 2.5, kisha jaribu pale unapoweza kusimama.

Swali (Mpwapwa): Jik inaharibu suti?
Jibu: Soma kwanza maelekezo ya mtengenezaji. Kwa mpira, Jik ya 3.5%, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, inakupa 0.5%. Iache dakika 10, suuza kwa maji mengi. Usiloweke sili za lateksi humo. Osha suti ukiwa bado umeivaa, zipu imefungwa, kabla ya kugusa kitu kingine.

Swali (Kondoa): Nianike wapi?
Jibu: Kivulini penye upepo, mbali na jenereta. Ikikauka, paka sili poda ya talki isiyo na manukato.

Swali (Iringa): Natoka nimelowa, lakini jaribio la chupa halionyeshi tundu.
Jibu: Umevaa fulana ya pamba? Inawezekana ni jasho. Vaa poliesta nyembamba, funga zipu mwisho kabisa, na mwenzako akumwagie ndoo ya maji safi ukisubiri. Ukilowa mkononi tu, ni kano za kifundo cha mkono zinazojitokeza unapokaza ngumi na kufungua njia chini ya sili. Isogeze sili juu kidogo.