Kugharamia safari ya mwanafunzi wa Lubumbashi kwenda kongamano la utafiti wa kompyuta

Anza na visa kabla ya kufikiria tiketi. Balozi nyingi ziko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi, kwa hiyo nauli ya ndege ya ndani, malazi na siku za kusubiri lazima viingie katika bajeti utakayowatumia wafadhili. Wengi husahau gharama hizo, kisha hukwama wakiwa na mwaliko mkononi.

Wanafunzi wa kike watazame kwanza ufadhili wa ACM-W, kitengo cha wanawake cha ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta, ambao hutoa hadi dola 600 kwa kongamano lililo ndani ya bara la mwombaji na hadi dola 1,200 kwa lililo nje yake, tena bila kumlazimisha kuwasilisha makala. Deep Learning Indaba, mkutano wa Afrika kuhusu akili bandia, iliyoanza Johannesburg mwaka 2017 na kufika Kigali mwaka 2025, nayo husaidia nauli za baadhi ya washiriki.

Kabla ya kusherehekea, uliza kama fedha hutolewa mapema au hurudishwa baada ya safari, maana zikirudishwa, ni wewe utakayehangaika kukopa. Andika bila haya: "Sina kadi ya benki ya kimataifa, naomba kamati ininunulie tiketi moja kwa moja." Kuomba hivyo si aibu hata kidogo.

Tunza kila risiti, hata ya teksi, na uipige picha siku hiyo hiyo, kwa kuwa maandishi yake hufifia upesi. Barua ya profesa iliyoandikwa kwa Kifaransa iambatanishwe na tafsiri ya Kiingereza.