Mofini ya maji kwa mzee mwenye saratani: kuipima na kumpa nyumbani

Wazee wengi hawalalamiki. Muulize babu kama anaumwa, atakwambia "sijambo", huku kang'ang'ania ukingo wa kitanda anapogeuzwa. Mwombe aonyeshe kwa vidole: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Aliyepoteza kumbukumbu, mtazame usoni anapooshwa. Akikunja uso au kuguna, anaumwa.

Mofini, dawa kali ya maumivu, hutolewa kwa saa, si kwa kilio. Nguvu yake hudumu kama saa 4, na maumivu yakisharudi ni kazi kuyatuliza. Ratiba iliyozoeleka ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Hiyo ya usiku daktari anaweza kuiandika maradufu ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Mzee dhaifu mara nyingi huanzishwa miligramu 2.5, figo zikiwa zimechoka, dozi hupishana kwa saa 6 hadi 8.

Kila chupa mpya, soma kibandiko kabla ya kufungua. Kuna ya miligramu 5 katika mililita 5, na kuna ya miligramu 50 katika mililita hizohizo. Miligramu 2.5 ni mililita 2.5 ya ile nyepesi, lakini ni robo mililita tu ya ile kali. Ukizichanganya, umempa mara kumi. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai havilingani.

Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache. Choo kigumu hakiishi chenyewe, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, siku ileile ya kwanza. Mtori na papai husaidia, ila peke yake havitoshi. Siku 3 bila choo, mpigie muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Maji ya kinyesi yakivuja baada ya siku hizo, usikimbilie dawa ya kuzuia kuharisha: mara nyingi yanapenya pembeni ya choo kilichoziba.

Mbege na pombe nyingine, hapana kabisa. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, nayo iache. Kwa wazee huumiza figo na tumbo.

Akiwa haamshiki, au anapumua chini ya mara 10 kwa dakika, usimpe dozi inayofuata, mpeleke hospitali. Vivyo hivyo miguu ikilegea ghafla pamoja na maumivu ya mgongo: huenda uti wa mgongo umebanwa, na hilo halingoji kesho.