Njia ngapi za kupanga vigae vya rangi tatu, vinavyopakana visifanane?

Wadau, juzi nilikuwa Njiro natandika vigae kwenye kijia cha mteja, upana vigae vitatu, rangi tatu: nyekundu (N), kijivu (K) na bluu (B), na sharti lake vinavyogusana ubavu visiwe rangi moja, kona kwa kona ruksa. Akaniuliza mistari kumi inapangika kwa njia ngapi, nami swali hilo nalipenda sana kwa hiyo twende.

Kwanza usikimbilie kuzidisha 3 halafu 2, 2, 2 mpaka mwisho. Kigae kinachoguswa na viwili, cha pembeni na cha mstari uliopita, kinabakiwa na rangi 2 kama hivyo viwili vinafanana, vikitofautiana inabaki 1 tu. Ndo maana tunahesabu mstari mzima kwa pamoja.

Hatua ya 1. Mstari mmoja una njia 3×2×2 = 12. Zigawe mafungu mawili: pacha, yani ncha zinafanana kama NKN, ziko 6, na mchanganyiko kama NKB, nazo 6.

Hatua ya 2, hapa chukua karatasi na usiruke. Andika NKN, kisha tafuta mistari yote inayoweza kuifuata: KNK, BNB, KBK, KNB, BNK. Pacha 3, mchanganyiko 2. Sasa NKB: inafuatiwa na KNK, KBK, BNK, KBN, yani pacha 2, mchanganyiko 2. Ukibadilisha majina ya rangi hesabu haibadiliki, kwa hiyo mifano miwili inatosha kwa mistari yote 12, na kwangu huu ndo utamu wenyewe.

Hatua ya 3:
pacha mpya = 3×pacha + 2×mchanganyiko
mchanganyiko mpya = 2×pacha + 2×mchanganyiko

Anza na 6 na 6. Mstari wa pili unapata 30 na 24, jumla 54. Wa tatu 138 na 108, jumla 246. Wa nne 1,122. Ukipata tofauti rudi hatua ya 2, mara nyingi kuna mstari umeusahau.

Ukiandika programu unatunza namba mbili tu, ila zitunze za zamani kwanza kabla hujabadilisha pacha, la sivyo mchanganyiko utatumia pacha mpya na jibu litaharibika.

Mistari kumi ya mteja ilitoka 10,107,954. Akitaka upana wa vigae vinne mstari mmoja una njia 24 na mafungu yanabadilika, inabidi uchore upya.