Jinsi ya Kuwasilisha Malalamiko kwa Tume ya Ulaya Kuhusu Uharibifu wa Makazi ya Wanyamapori

Mtu yeyote, awe raia wa Umoja wa Ulaya au la, anaweza kuilalamikia nchi mwanachama mbele ya Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, anapoona imekiuka Agizo la Ndege au Agizo la Makazi Asilia la mwaka 1992, yaani sheria za Umoja zinazolinda ndege wa porini na makazi ya viumbe. Hakuna ada, wala mlalamikaji halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi amedhurika.

Kwanza, hakikisha unailalamikia mamlaka ya umma. Kampuni inayokata miti haishtakiwi hapa. Kinachochunguzwa ni kibali ilichopewa, au ukimya wa serikali iliyopaswa kuizuia.

Hatua ya kukusanya ushahidi ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Thibitisha kwamba eneo limo katika Natura 2000, mtandao wa maeneo yanayolindwa ya Umoja wa Ulaya, kisha tafuta kibali na ripoti ya tathmini ya athari za mradi, kwa kuwa ibara ya 6(3) ya Agizo la Makazi Asilia inataka mradi unaoweza kuliathiri eneo hilo kwa kiasi kikubwa utathminiwe kabla ya kuidhinishwa. Mwaka 2004, katika shauri la uvunaji wa kombe (samakigamba) kwenye Bahari ya Wadden nchini Uholanzi, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kibali kitolewe pale tu ambapo hakuna shaka yenye msingi wa kisayansi kwamba mradi hautaliharibu eneo. Tathmini yenye mapengo, kwa hiyo, ina uzito kuliko picha za kusikitisha za visiki.

Jaza fomu ya Tume kwenye intaneti kwa mojawapo ya lugha 24 rasmi za Umoja (Kiswahili, kwa bahati mbaya, hakimo), ukieleza pia hatua ulizokwisha kuchukua nchini humo. Utathibitishiwa kupokelewa kwake ndani ya siku 15 za kazi, na kwa kawaida Tume huamua katika miezi 12 kama itafungua shauri. Ikikusudia kulifunga faili, itakuarifu na kukupa wiki nne za kujibu.

Malalamiko yanaweza kufika mbali: ukataji miti katika msitu wa Białowieża, Poland, ulihukumiwa na Mahakama ya Haki kuwa kinyume cha sheria mnamo Aprili 2018. Hata hivyo, Tume haiwezi kufuta kibali wala kukulipa fidia, na muda wa kukata rufaa katika mahakama za nchi husika hausimami ukisubiri jibu lake. Fungua shauri huko sambamba na malalamiko haya.