Kumzoesha simbilisi mkono bila kung'atwa

Simbilisi (guinea pig), mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya panya, hang'ati ovyo. Aking'ata, ama kidole chako kinanukia chakula, ama ana hofu, ama ana maumivu. Huku Iringa, Njombe na Mbeya tatizo kubwa ni hofu: wengi wanazurura jikoni chini ya meza, na mkono wanaoujua ni ule unaokuja kuwakamata.

Chukua wawili wa kike, wa wiki tatu hadi sita. Akiwa peke yake huchelewa kutulia. Boksi la mbao lenye kuta za sentimita 40 linatosha, juu liwekewe wavu wa kuzuia paka, ndani kuwe na kibanda cha kujificha. Tandika nyasi kavu. Maranda ya paini yenye vumbi yanaumiza mapafu yao, na moshi wa kuni vilevile.

Siku tatu za kwanza usiwaguse. Kaa karibu, ongea taratibu, weka majani, ondoka. Siku ya nne nawa mikono kwa sabuni, kisha shika jani refu la mabingobingo au kipande cha pilipili hoho, naye ale upande wa pili. Hoho ina vitamini C, ambayo mwili wake hauwezi kuitengeneza. Majani ya parachichi na ya viazi mviringo usimpe kabisa, ni sumu kwake.

Akishakula bila kukimbia, mguse shavuni, halafu mgongoni. Usimjie kutoka juu: kwake hivyo ndivyo mwewe anavyokuja. Pitisha kiganja kimoja chini ya kifua, kingine kibebe makalio, mlaze kifuani kwako. Keti chini, kwa sababu akianguka kutoka kimo cha mtu anavunjika miguu au mgongo. Dakika mbili zinatosha mwanzoni. Ukizidisha, atakung'ata kwa sababu anataka kukojoa.

Sikiliza meno. Akiyagonganisha, amekasirika, acha. Akiganda kama jiwe hajatulia, ameogopa.

Aking'ata, usimpige wala usimtupe. Usimrudishe bokseni papo hapo pia, maana atajifunza kwamba kung'ata kunamwokoa. Subiri atulie kidogo, ndipo umshushe. Kidonda kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Aliyekuwa mpole akianza kung'ata ghafla, pekua manyoya. Ukikuta mba, vipara au anajikuna mno, huenda ni utitiri. Mwite mtaalamu wa mifugo. Angalia na meno ya mbele, maana hayaachi kukua, na yakizidi hawezi kula. Huyo asizoeshwe kwanza, atibiwe.