Kabla hujamwandikisha mtoto haiskuli ya mji mdogo Marekani

Mzazi mwenzangu, siku ya kuandikisha mtoto ndiyo inayoamua mengi. Utakayoyajaza kwenye fomu yatamfuata miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, na kwenye mji wenye haiskuli moja hakuna shule ya pili ya kumhamishia mambo yakiharibika. Nawafikiria hasa ndugu zetu wa Congo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, kisha wakafuata kazi za viwanda vya nyama na maghala kwenye miji hiyo.

Anza na tarehe ya kuzaliwa. Watoto wengi wa kambini karatasi zao zinasema Januari 1, kwa kuwa aliyewaandika alijua mwaka tu, na pengine hata mwaka wenyewe alikisia. Shule itamhesabia umri kwa karatasi hiyo. Kila jimbo lina umri ambao ukipita mtoto hasomeshwi tena haiskuli bure, na mengi huishia miaka 20 au 21, kwa hiyo mwaka mmoja uliozidishwa unaweza kumnyima cheti. Kama tarehe si sahihi, usimtajie karani nyingine kwa mdomo tu. Waone kwanza wanaoshughulikia karatasi zako za uhamiaji. Kumbuka pia kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi: 03/08 kwao ni Machi 8. Jina nalo liandikwe vilevile kwenye kila karatasi, kwa mpangilio uleule.

Utaulizwa uthibitisho wa anwani, yaani mkataba wa nyumba au bili ya umeme. Kama mmebanana kwa ndugu kwa kukosa nyumba yenu, sema wazi. Sheria ya mwaka 1987 inayowalinda watoto wasio na makazi inawahusu na hao, nao huanza masomo mara moja karatasi zikiendelea kutafutwa. Namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, si sharti. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

Sasa lugha, na hapa naomba utulie. Kwenye fomu kuna swali la lugha inayozungumzwa nyumbani. Wazazi wengi huandika Kiingereza, wakiogopa mtoto atatengwa au ataonekana mjinga. Naelewa hofu hiyo, lakini jibu hilo linamuumiza mtoto. Ukiandika Kiswahili, au Kibembe, au Kinyamulenge, shule inalazimika kumpima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika Kiingereza, na akionekana anahitaji msaada, impe. Ukiandika Kiingereza, ataketi darasa la historia haelewi kitu, na walimu watadhani ni mvivu. Nawe pia una haki ya mkalimani bila malipo kwenye mambo muhimu ya mtoto wako. Mji mdogo huenda usiwe naye ofisini, basi atapigiwa simu. Kama anaongea Kiswahili cha Mombasa na wewe umezoea cha Bukavu na hamuelewani, sema hapohapo wakutafutie mwingine. Usimfanye mtoto kuwa mkalimani wako. Akiitwa kwa kosa, atatafsiri anachotaka.

Halafu matokeo ya zamani. Chukua kila karatasi ya shule mliyonayo, hata buletini ya Kifaransa iliyochakaa, na uombe itafsiriwe. Haiskuli ya Marekani huhesabu krediti: kila somo lililofaulu huongeza krediti, na zikitimia idadi inayotakiwa ndipo mtoto anahitimu. Akifeli hesabu hurudia hesabu, si mwaka mzima. Kijana wa miaka 17 akiandikishwa darasa la 9 wakati alikwisha kusoma sekondari kambini, amepoteza muda ambao hana. Kabla hujasaini ratiba, muulize mshauri wa wanafunzi: mwanangu ana krediti ngapi leo, na atamaliza mwaka gani? Aandike jibu.

Chanjo ni jambo jepesi ukiwa na kadi. Karatasi za uchunguzi wa afya mlizopewa kabla ya safari zina orodha ya chanjo, zipeleke hizohizo. Chakula cha mchana nacho: familia inayopata SNAP, yaani msaada wa serikali wa chakula, watoto wake hula bure. Wengine wajaze fomu, hakuna aibu.

Jambo moja wengi hawaambiwi. Shuleni hufanyika mazoezi ya hatari: taa huzimwa, milango hufungwa kwa ufunguo, watoto hukaa sakafuni kimya kana kwamba kuna mtu mwenye bunduki kwenye korido. Kwa mtoto aliyejificha kweli, aliyesikia risasi za kweli, hilo si zoezi. Mweleze mwenyewe nyumbani, kwa lugha yenu, kabla halijatokea. Mwambie pia mshauri kwamba mtoto ametoka vitani, na uombe wamjulishe mapema siku ya zoezi. Huna haja ya kusimulia yote yaliyowapata.

Mwisho ni saa. Ukiambiwa basi la njano linapita 7:10, hiyo ni saa moja na dakika kumi asubuhi, na dereva hasubiri. Andika saa za kwao ukutani ili mtoto asichanganye. Akiugua, piga simu shuleni asubuhi ileile, kwa sababu kukosa siku nyingi bila taarifa huleta barua, na barua zikipuuzwa zinaweza kumfikisha mzazi mahakamani. Kama unafanya kazi usiku na hutaweza kupiga, mpe ofisi jina la jirani au ndugu wa kupiga kwa niaba yako. Kwenye majimbo ya baridi kali, barabara zikijaa theluji shule hufungwa, na taarifa hutumwa alfajiri kwenye namba uliyoandikisha. Ukibadilisha laini, ipeleke namba mpya ofisini siku hiyohiyo, mtoto asije akasimama gizani kwenye theluji akingoja basi ambalo halitapita.